Dhana potofu kuhusu imani ya mwenzako katika kitabu chake

Mjadala wa dini ukianza, haupiti muda mrefu kabla mtu hajauliza: "Wewe unajuaje kwamba kitabu chako ni cha kweli?" Swali ni zuri na linastahili jibu. Linaloharibu mambo ni kwamba mara nyingi anayeuliza ameshamjibia mwenzake moyoni: amefuata mkumbo, hajasoma, amelishwa tangu utotoni. Nimekaa katika mijadala ya namna hii miaka mingi, na nimewasikia Waislamu, Wakristo na wasio na dini wakirudia makosa yaleyale kuhusu watu wa upande mwingine. Haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

Dhana: Maandiko ni kitu kimoja kila mahali, kinachotofautiana ni majina na lugha

Naanza na hii kwa sababu nyingine nyingi zinazaliwa humu.

Kwa Mwislamu, Kurani ni maneno ya Mungu mwenyewe, kwa Kiarabu, neno kwa neno, yaliyoteremshwa kwa Mtume Muhammad katika muda wa takribani miaka 23. Mtume ni mfikishaji, hakutunga. Ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili, hata iwe fasaha vipi, huhesabiwa kuwa tafsiri ya maana zake tu, na katika sala husomwa Kiarabu. Mkristo hasemi hivyo kuhusu Biblia yote. Anaamini kwamba Mungu aliwavuvia watu, na watu hao wakaandika kwa lugha zao, kwa tabia zao na katika mazingira yao. Luka anaanza Injili yake kwa kueleza kwamba amechunguza habari zilizotoka kwa walioshuhudia. Paulo anafunga barua kwa kuwasalimu watu kwa majina. Ufunuo mkuu kwa Mkristo ni Yesu mwenyewe, na Injili ya Yohana inamwita yeye Neno.

Kwa hiyo Mwislamu anapomwambia Mkristo, "Hii ni barua ya Paulo, imeandikwa na mtu," anadhani amemkamata, kumbe amesema jambo ambalo Mkristo hufundishwa kanisani. Na Mkristo anapoiweka Biblia sambamba na Kurani, na Yesu sambamba na Muhammad, anaoanisha visivyooana. Wasomi wengi wa dini hizi wameona kwamba nafasi ya Kurani katika Uislamu inakaribiana zaidi na nafasi ya Yesu katika Ukristo.

Ukitoka nje ya dini hizi mbili, tofauti inazidi kupanuka. Wafuasi wa Mimamsa, moja ya shule kongwe za falsafa ya Kihindu, hufundisha kwamba Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, hazina mtunzi kabisa, hata Mungu. Hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika mara ya kwanza: kosa katika maneno hutoka kwa msemaji, aliyekosea au aliyekusudia kudanganya, na pasipo msemaji, kosa litokee wapi? Shule ya Nyaya, ndani ya Uhindu huohuo, ilikataa. Wao walisema maneno huaminika kwa sababu aliyeyasema anaaminika.

Kwa Masingasinga, kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, ni Guru mwenyewe, yaani mwalimu wao wa kiroho. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh aliamua kwamba baada yake hapatakuwa na Guru wa kibinadamu, na kitabu kikashika nafasi hiyo. Na ndani ya kitabu hicho mna tenzi za watu ambao hawakuwa Masingasinga, akiwemo Sheikh Farid, Mwislamu wa njia ya kisufi. Buddha naye hahesabiwi kuwa mungu wala mjumbe wa mungu, kwa hiyo kumuuliza Mbudha "una ushahidi gani kwamba Tipitaka, maandiko yenu, imetoka kwa Mungu?" ni kumdai deni ambalo hajawahi kukopa.

Dhana: Vimenakiliwa mara nyingi mno, asili yake imeshapotea

Watu huwaza mchezo wa kunong'onezana sikioni, ambapo wa mwisho anapokea kitu tofauti kabisa na alichosema wa kwanza. Mfano huo haufai. Katika mchezo ule kuna mnyororo mmoja, watu hunong'ona kwa makusudi, na hairuhusiwi kurudi nyuma kuuliza. Maandiko yalipita katika minyororo mingi kwa wakati mmoja, yakisomwa kwa sauti mbele ya watu wanaoyajua, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo.

Wasomaji wa Veda walikwenda mbali zaidi. Walibuni namna za kukariri ambazo maneno hupangwa upya ili kosa lisipate pa kujificha. Katika namna moja iitwayo ghana, msomaji hutamka neno la 1 na la 2, kisha la 2 na la 1, kisha 1, 2, 3, halafu 3, 2, 1, halafu tena 1, 2, 3, ndipo anasogea mbele. Jaribu kuusoma hivyo wimbo unaoupenda, utaona kwa nini neno haliwezi kuponyoka bila kugundulika.

Kwa Waislamu, kuhifadhi kwa moyo kulitangulia msahafu. Mahafidhi wengi, yaani waliohifadhi Kurani kwa moyo, walipouawa katika vita vya Yamama, muda mfupi baada ya kufariki Mtume, ndipo Khalifa Abubakar alipomwagiza Zaid bin Thabit akusanye maandishi, na baadaye, kiasi cha mwaka 650, Khalifa Uthman akasambaza nakala za msahafu mmoja. Hati za wakati ule zilikuwa na nukta chache na hazikuwa na irabu, kwa hiyo bila mwalimu aliyesikia kutoka kwa mwalimu wake, usomaji usingesimama. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba ngozi yenye maandishi ya Kurani iliyoko Birmingham, Uingereza, imepimwa na kukadiriwa kuwa ya kati ya mwaka 568 na 645. Ni umri wa ngozi, wino haukupimwa, lakini hata hivyo tunazungumzia enzi ya Mtume au karibu sana nayo.

Kwa Wayahudi na Wakristo kuna magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947. Gombo kubwa la Isaya lina sura zote 66 na lina umri wa zaidi ya miaka 2,000, yaani ni kongwe kwa takribani miaka 1,000 kuliko nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana kabla yake. Wataalamu walipolilinganisha na maandishi ya baadaye walikuta kitabu ni kilekile, pamoja na tofauti nyingi ndogo za tahajia na baadhi ya maneno.

Nimezitaja hizo tofauti kwa makusudi. Muumini asizikimbie. Biblia nyingi zilizochapishwa siku hizi huweka maelezo kwamba aya 12 za mwisho za Injili ya Marko hazimo katika baadhi ya nakala za kale zaidi. Waislamu wana visomo kumi, yaani namna za kuisoma Kurani, vinavyotambuliwa na wanazuoni wao, na Hafsi na Warshi, mapokezi mawili yanayosomwa zaidi leo, yanatofautiana katika baadhi ya maneno. Wanazuoni wa pande zote wameyajua haya kwa karne nyingi na wameyaandikia vitabu. Yanamshtua tu aliyeambiwa kwamba hayapo.

Dhana: Nakala ikihifadhika vizuri, basi uungu wake umethibitika

Hapana. Naisema kwa upendo, maana nimewasikia watu wa imani yangu na wa imani nyingine wakijivunia hoja hii. Hati za kale zinajibu swali moja: je, haya ndiyo waliyoandika watu wa mwanzo? Haziwezi kujibu kama waliyoandika yalitoka kwa Mungu.

Dhana: Kaisari Konstantino na maaskofu wa Nikea walichagua vitabu vya Biblia

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulishughulikia mafundisho ya padri Arius kuhusu Yesu, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya kanisa. Orodha ya vitabu haimo katika kanuni zake 20. Injili nne zilikuwa zikitetewa kama nne, bila ya tano, tangu mwishoni mwa karne ya 2, na orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tuijuayo leo inaonekana katika barua ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Wakristo hata hivyo hawakukubaliana kila mahali: Waprotestanti wana vitabu 66, Wakatoliki 73, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linahesabu 81.

Dhana: Wanazunguka tu, "kitabu ni kweli kwa sababu kitabu kimesema"

Wapo wanaosema hivyo, na wanajidhulumu wenyewe. Lakini ukikaa na muumini ukamsikiliza bila haraka, mara chache utakuta msingi wake ni huo pekee. Yuda Halevi, msomi wa Kiyahudi wa karne ya 12, alijenga hoja yake juu ya ushuhuda: Torati haikuletwa na mtu mmoja aliyetoka pangoni, ilitolewa Sinai mbele ya taifa zima, na wazazi wakawasimulia watoto. Mwislamu huleta changamoto ya Kurani yenyewe, kwamba anayetilia shaka alete sura moja mfano wake. Augustino, mwanateolojia Mkristo wa mwishoni mwa karne ya 4, aliandika kwamba asingeiamini Injili kama mamlaka ya Kanisa isingemsukuma. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, aliona tofauti: uhakika wa mwisho ni ushuhuda wa Roho Mtakatifu ndani ya moyo. Wale Nyaya niliowataja waliifananisha Veda na elimu ya tiba: sehemu unazoweza kuzijaribu zinafanya kazi, basi una sababu ya kumwamini msemaji huyohuyo katika zile usizoweza kuzijaribu.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa ndivyo tunavyoaminiana hata sisi kwa sisi. Mtu aliyekuambia ukweli mara nyingi, ukauona kwa macho yako, humwamini anapokueleza safari ambayo hukuwepo. Muumini aliyesamehe kwa sababu ya aya na akaona nyumba yake ikipona, au aliyevuka msiba akiishikilia zaburi moja, ana kitu mkononi. Unaweza kubisha kwamba hakitoshi, na watu wa dini nyingine wana vya kwao vinavyofanana. Ubishi huo ni halali. Ila usimwambie kwamba hana kitu.

Dhana: Ni kuzaliwa tu

Kuzaliwa kuna uzito mkubwa, nani asiyeona? Wengi hubaki katika dini ya wazazi. Lakini namna ulivyopata jambo haiamui kama jambo hilo ni kweli. Hata kuhesabu ulifundishwa na wakubwa. Na wanaohama wapo katika kila dini, baadhi kwa gharama ya kutengwa na ndugu zao.

Dhana: Anayeamini maandiko kweli hana maswali

Katika mapokeo ya Kibudha, watu wa Kalama walimwendea Buddha wakiwa wamechoka na walimu wanaopingana. Akawaambia wasikubali jambo kwa kuwa ni uvumi, au ni mapokeo, au limo katika maandiko, mpaka wajue wenyewe kwamba likitendwa huleta heri. Maneno hayo yamehifadhiwa ndani ya maandiko ya Kibudha. Ayubu analalamika mbele ya Mungu sura baada ya sura, na Wayahudi na Wakristo wameyatunza malalamiko yake kama sehemu ya neno takatifu. Na katika sura ya pili ya Kurani, Ibrahimu anamwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowahuisha wafu. Anaulizwa, je, huamini? Anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakufukuzwa. Aliambiwa achukue ndege wanne.