Neno "dirigible" halimaanishi puto gumu

Kwa muda mrefu umekuwa ukizungushwa katika makundi ya mazungumzo ujumbe unaodai kwamba neno "dirigible", litumikalo kutaja vyombo vya angani vinavyoelea kwa gesi na kuendeshwa kwa injini, maana yake ni puto lenye mifupa migumu, kwa kuwa ndani yake linasikika neno la Kiingereza "rigid", yaani gumu. Dai hilo si sahihi.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "dirigere", kunyoosha au kuelekeza, ambacho Wafaransa walikichukua kikawa "diriger", kuongoza. Ndipo wakasema "ballon dirigeable", puto linaloongozeka, ili kulitenga na lile linalokwenda kokote upepo unakolipeleka. Neno "rigid" lina kitenzi chake tofauti cha Kilatini, "rigere", kukakamaa.

Chombo kilichoruka kutoka Paris mwaka 1852 kwa injini ya mvuke ya nguvufarasi 3 kilikuwa mfuko wa gesi usio na kiunzi ndani, wenye usukani wa kitambaa mithili ya tanga, nacho kilikuwa "dirigeable" kamili. Vyombo maarufu vya Ujerumani vyenye mifupa ya alumini vilianza kuruka mwaka 1900. Kwa kuwa hivyo viliongozeka na pia vilikuwa vigumu, ni rahisi kuelewa watu walivyochanganya sifa hizo mbili.

Kamusi yoyote nzuri ya Kifaransa au Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno italithibitisha hili kwa dakika moja. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.