Je, wajua kwa nini maoni ya wananchi kuhusu huduma za dharura hayahesabiwi kama kura?

Pale Ngamiani, Tanga, ukianzisha mada ya kupanga upya huduma za dharura za hospitali mjini, zibaki sehemu moja kubwa au zitawanywe kila kata, majibu huwa mawili. Wa kwanza atasema tujae mkutanoni, tukipinga wengi mpango umekufa. Wa pili atasema wagosi msijisumbue, walishaamua kitambo, hapo mnapitishiwa muda tu. Lakini ukiwasikiliza vizuri wote wanaamini kitu kimoja, kwamba mkutano wa maoni ni uchaguzi, ila mmoja anaona kura zitahesabiwa na mwenzake anaona zimeshaibiwa.

Sio uchaguzi. Na ni vizuri usiwe, maana ukihesabu vichwa kata yenye watu wengi itashinda kila mara, alafu watu wa Chongoleani na Tongoni walioko pembeni kabisa ya jiji hawatapata kitu hata wakija na familia nzima, wakati wao ndo wenye safari ndefu usiku. Hapo mtu mmoja anayejua jambo ambalo mpangaji halijui anaweza kuwa na uzito kuliko mia tano waliosema "tunakataa" bila sababu. Hii watu hawaipendi kuisikia, wanaona kama wanadharauliwa, lakini ndo maana halisi ya kuulizwa maoni: unatoa taarifa na sababu, uamuzi unabaki kwa mwenye mamlaka, na yeye ndo atabanwa aeleze alifanyia nini hizo sababu zako.

Sasa kwa nini wapangaji wanapenda kukusanya huduma sehemu moja wakati akili ya kawaida inasema karibu na nyumbani ndo salama? Jibu kubwa ni zamu. Chukua geti la godauni kule bandarini, geti ni moja, linalindwa saa 24. Wiki ina saa 168, mlinzi akifanya saa 40 kwa wiki basi hilo geti moja linataka walinzi wanne na kipande, ukiweka likizo, kuugua na misiba unafika watano. Mageti matano yanataka walinzi 25 na bado kila geti usiku lina mtu mmoja tu, akibanwa na shida hana wa kumshika mkono. Daktari wa dharura ni hivyo hivyo. Madaktari 25 ukiwagawa vituo vitano unapata mmoja mmoja kila kituo kwa kila saa, hao hao ukiwaweka pamoja unapata watano kwa wakati mmoja, huyu yuko na mama anayetoka damu, yule na kijana wa bodaboda aliyevunjika, na siti skani moja (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) inawatosha. Kingine, anayeona wagonjwa wa kiharusi kila siku anakuwa mwepesi kuliko anayemwona mmoja kwa mwezi.

London walilifanya hili. Mwaka 2009 wakakusanya maoni, 2010 wakabadilisha: mgonjwa wa kiharusi ambaye zamani angepokelewa kwenye hospitali yoyote kati ya 30 hivi, sasa anapelekwa moja kati ya 8, na ambulensi inazipita hospitali za karibu makusudi kabisa. Utafiti uliochapishwa 2014 kwenye jarida la kitabibu la BMJ ulikadiria vifo 168 viliepukwa ndani ya miezi 21. Manchester nao walikusanya huduma mwaka huo huo wa 2010, ila mwanzoni walipeleka kwenye vituo maalumu wale tu waliofika ndani ya saa nne tangu dalili zianze, na utafiti huo huo haukuona tofauti ya vifo. Yaani kukusanya peke yake hakutoshi, inategemea nani anafikishwa.

Hapo ndo nataka tuwe waangalifu, tusiibebe London nzima tukaiweka Bombo, hospitali yetu ya mkoa. Mpango wa London ulitaka kila mkazi awe ndani ya dakika 30 kwa ambulensi. Kwetu wagonjwa wengi wanafika kwa bajaji au bodaboda, na hata kitengo kamili cha dharura cha kwanza nchini kilifunguliwa juzi tu, Muhimbili, 2010. Kwa hiyo hesabu ya zamu inabaki kweli, ila hesabu ya njia haijulikani mpaka wenyeji waiseme: masika barabara gani inajaa maji, saa nane usiku kutoka Pongwe usafiri unapatikana au mpaka umwamshe jirani mwenye gari, na nauli inakuwa shilingi ngapi. Hivyo vitu havipo kwenye ramani ya ofisini, na ndo vinavyoweza kugeuza mpango.

Na kuhusu wanaosema ni kupitisha muda, Uingereza mahakama zimeliwekea masharti jambo hilo tangu kesi ya Gunning ya 1985, ambayo ilihusu shule za Brent, eneo la London: maoni yachukuliwe kabla uamuzi haujakomaa, wananchi wapewe sababu za kutosha kuweza kujibu kwa akili, wapewe muda, na walichosema kifikiriwe kwa dhati. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikaenda mbali zaidi kwenye kesi ya Moseley dhidi ya halmashauri ya Haringey, nayo ya London, ikasema maoni yalikusanywa isivyo halali kwa sababu watu hawakuambiwa njia nyingine zilizokuwepo zikaachwa.

Sheria hizo za kule hazitubani sisi, ingawa Katiba yetu ibara ya 146 inasema wazi serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Ila swali la Moseley linaulizika kwenye mkutano wowote wa mtaa, mbele ya mtendaji na diwani: mlifikiria mipango gani mingine, na kwa nini mliiacha? Uliza hilo, alafu hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari.