Jamani, LED haziombi volti

TV ya inchi 43 imeletwa mezani kwangu hapa Chake Chake, kushoto nyeupe pee, kulia kama magharibi imeshaingia. Kuifungua, nakuta stripu mpya, zile bapa za taa za LED zinazomulika nyuma ya kioo, zote zimefungwa sambamba, waya mmoja chanya na mmoja hasi. Nikampigia fundi mwenzangu aliyezifunga. Jibu lile lile ninalolisikia kila siku: "Kaka, zote nimezipa volti sawa, sasa tatizo liko wapi?"

Tatizo liko hapo hapo kwenye volti sawa. Naandika mara moja, nisilirejee tena kwenye simu.

LED nyeupe si balbu ya waya. Haipitishi kitu cha maana mpaka ikaribie volti 3, na ikishafika hapo, ukiongeza volti kidogo tu mkondo unapanda kwa kasi. Mwanga nao unafuata mkondo. Sasa, hata LED za boksi moja hazilingani: hii inafikia mkondo wake kwenye volti 2.9, ile kwenye 3.1. Panga 12 mfululizo, moja nyuma ya nyengine, na nyengine 12 pembeni, tofauti zinajumlika. Ukiwaunganisha sambamba kwenye volti moja, mfululizo unaotaka volti ndogo unajichukulia mkondo mkubwa, unapata joto, na LED ikipata joto volti yake inashuka milivolti kadhaa kwa kila digrii. Ikishuka, inachukua mkondo zaidi. Ikichukua zaidi, joto linazidi. Upande mmoja unaungua huku mwengine una njaa, na mwenye TV anaambiwa "stripu za siku hizi feki". Feki zipo, sikatai, lakini hizi hazikupewa hata nafasi.

Ndani ya mfululizo mmoja hakuna ugomvi, mkondo ni ule ule kwa kila LED. Ugomvi uko baina ya mfululizo na mfululizo, na hapo ndipo draiva, yaani sakiti inayozilisha LED, inapokula mshahara wake. Draiva iliyotengenezwa kwa akili inapandisha volti, tuseme kutoka 24, kisha kwenye mkia wa kila mfululizo inaweka tranzista na rezista ndogo ya kupimia. IC, chipu inayoongoza draiva, inasoma volti iliyoangukia kwenye rezista, inakaza au inalegeza tranzista mpaka mkondo uwe ule uliopangwa. Kwa hiyo ukipima volti za mifululizo utakuta zimetofautiana, na ndivyo inavyotakiwa! Kuna mtu alizikuta hazilingani akaunganisha mikia yote pamoja kwa solda ili "zikae sawa". Wallahi nilikosa la kusema.

Volti inayozidi inageuka joto kwenye tranzista. Ndiyo maana IC nzuri inatazama mfululizo unaotaka volti kubwa kuliko yote, inapandisha volti kidogo tu juu ya hapo, basi. Ukichanganya stripu ya LED za volti 6 na za volti 3, IC itapandisha kwa ajili ya ile ya 6, na tranzista za wenzake zitabeba kilichobaki mpaka zipasuke, kama kinga haikuzima mapema.

Wanaosema ni umeme wa kupanda na kushuka: unaua pawa saplai, kweli. Hautii kiza upande mmoja wa picha. Tuendelee.

Imani ya pili: ukiona doa, kioo kimekufa. Toa kioo, washa taa peke yake na karatasi zake za kusambaza mwanga, utazame. Zikiwa sawa bila kioo, hapo ndipo ukishuku kioo, na hata kioo kina sakiti yake ya kugombana nayo. Skrini yenye mistari 1080, ikichorwa mara 60 kwa sekunde, inaupa kila mstari kama mikrosekunde 15 tu. Ya 4K haipati hata 8. Kila pikseli ina tranzista yake, na mapigo ya geti, yaani umeme unaoifungua na kuifunga, yanasafiri kwenye waya mwembamba wenye ukinzani na kapasita njia nzima, yanafika ncha ya pili yamelegea, kama sinia la pilau la harusi linavyofika mkeka wa mwisho limeshapoa. Geti likifunga ghafla karibu na chanzo, volti ya pikseli inavutwa chini sana. Kule mbali linafunga polepole, tranzista inawahi kujaza kidogo kilichopotea. Vcom, volti ya pamoja ambayo kila pikseli inalinganishwa nayo, ni moja kwa kioo kizima, kwa hiyo ikiwa sahihi katikati, pembeni inakosea, na unaona kivuli au mtetemeko. Watengenezaji wanasukuma geti kutoka pande zote mbili, au wanalainisha makusudi mwisho wa mapigo ili karibu na mbali pafanane. Mezani kwako hilo hulitengenezi, lakini angalau usilitupie lawama taa.

Usawa wenyewe wa mwanga unapimwa kwenye nukta tisa za skrini, mwanga mdogo kabisa ukigawiwa kwa mkubwa kabisa. Mimi namba hiyo siiamini sana. Skrini ya asilimia 75 inayofifia taratibu kuelekea pembeni hakuna anayeilalamikia, na ya asilimia 90 yenye ukingo mkali katikati inarudi dukani siku ya mechi ya Gombani, kamera inapopita juu ya majani na doa linabaki palepale.

Na stripu moja mpya kati ya kuukuu? Itazidi mwanga, na rangi yake haitafanana na za wenzake. Nabadilisha seti nzima, kisha nakuza rezista ya kupimia ili mkondo upungue kwa kama robo. Mteja haoni tofauti sebuleni. Kama hakuitaka seti nzima, nampa TV yake na skrubu zake zote.