Gereza la Kilwa halikuwa jela

Msimu wa wageni ukianza, sentensi hii nayo hurudi: "Wareno walijenga gereza Kilwa wawafungie watumwa." Utaisikia kwa vijana wanaotembeza watalii, utaikuta chini ya picha za magofu, na siku hizi imeshaingia hata kwenye insha za wanafunzi. Inaniuma kwa sababu ina makosa karibu kila upande, na mzizi wa makosa yote ni mmoja: neno la kale limesomwa kwa maana ya leo.

Gereza, kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, ni ngome. Ni jengo la mawe lenye kuta nene, minara kwenye pembe na lango linalolindwa, mnamokaa askari wa kulinda mji na bandari. Maana ya jela ilikuja kupanda juu ya hiyo baadaye. Waliokusanya maneno ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19 waliziandika maana zote mbili, ngome na jela, chini ya neno hilohilo.

Asili yake ni ya kushangaza zaidi. Neno limetoka kwa Kireno, igreja, yaani kanisa. Irabu ya mwanzo ikadondoka, sauti ambayo Kiswahili hakina ikageuka "z", na zile konsonanti mbili zilizobanana zikatenganishwa kwa irabu, kama carta ilivyokuwa karata. Maneno meza, bendera, leso na mvinyo yalikuja na majahazi hayohayo ya Wareno.

Hapa ndipo watu hukwama: kanisa linageukaje ngome? Mswahili hakuhitaji neno la Kireno kwa nyumba ya ibada ya Wakristo; alikuwa nalo tayari, "kanisa", la Kiarabu. Kitu kigeni machoni pake kilikuwa lile jengo zima. Chukua Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Ndani ya kuta zile walikaa askari, mizinga, ghala za chakula, kisima, na kanisa, ambalo misingi yake bado unaiona uani ukiingia leo. Padri na mzinga walikuwa nyuma ya ukuta mmoja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina la nyumba iliyokuwa ndani likashika jengo lote, kisha likatumika kwa kila jengo la namna ile, hata yale yaliyojengwa na Waislamu ambayo hayakuwahi kuwa na kanisa.

Turudi Kilwa Kisiwani. Ni kweli Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, lakini hawakudumu; katika miaka michache tu walishaondoka. Jengo unaloliona leo ukishuka kwenye mashua, lile la ufukweni ambalo bahari imekula sehemu ya ukuta wake, kwa sehemu kubwa ni la enzi za Waomani, limesimama juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Wenyeji wanaliita Gereza, na wanaliita sawasawa.

Asiyeamini maneno na aamini mawe. Simama uani uangalie kuta zimeelekea wapi. Minara imetokeza nje ya mstari wa ukuta ili mlinzi aweze kupiga risasi sambamba na ukuta wenyewe, adui asipate pa kujibanza chini yake. Matundu ya bunduki ni membamba upande mmoja na mapana upande mwingine: upana uko ndani, alipokaa mpigaji, na wembamba uko nje, anakotoka adui. Jengo lote limemgeuzia uso mtu anayekuja kutoka baharini. Jela hujengwa kinyume chake, macho yote yakitazama aliye ndani asitoke.

Sasa, ilikuwaje gereza likawa jela? Hakuna fumbo. Zama za mizinga zilipopita, serikali zilibaki na majengo yenye kuta nene, lango la kulindwa na askari tayari. Aliyetaka mahali pa kufungia watu hakuwa na haja ya kujenga. Fort Jesus ilifanywa jela na Waingereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 enzi za Seyyid Said, ilikuwa jela hadi 1984. Vizazi vikakua vikijua kwamba "kupelekwa gereza" ni kufungwa, na neno likahama na wafungwa hadi kwenye majengo mapya ya bara ambayo hayajawahi kuona mzinga.

Unguja kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, Ngome Kongwe pale mbele ya Forodhani. Watu husema ni ya Wareno. Wareno walikuwa na kanisa na nyumba mahali pale, na mabaki yake yamo ndani ya ukuta wa uani. Ngome yenyewe waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, kuanzia 1698. Katika karne ya 19 ilikuwa kambi ya askari na jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ya Bububu. Miaka ya 1940 uani wake ukawa kiwanja cha tenisi cha wanawake. Leo kuna ukumbi wa wazi wa ngazi za mawe, na watu huja kutazama filamu za ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, au kusikiliza muziki. Ikiwa kila jengo litaitwa kwa kazi mojawapo iliyowahi kufanywa ndani yake, basi hili lina haki ileile ya kuitwa kiwanja cha tenisi.

Kwa hiyo wewe unayewapeleka wageni Kilwa, jina usilibadilishe. Sema Gereza, maana ndilo jina lake. Ila ukiulizwa maana yake, jibu kwamba ni ngome, tena jengo linalosimama ni la Waomani, na kwamba neno lenyewe lilianza kama kanisa huko Ureno. Mgeni atakuuliza maswali zaidi, na matundu ya ukuta yapo hapohapo ya kumwonyesha.