Mashine ya kufulia imekufa? Kabla hujaenda Kariakoo anza na maji yako

Juzi kati mama mmoja wa Kigamboni alinipigia saa moja asubuhi, nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka kisha moja kwa moja, "Fundi, hii mashine safari hii imekufa kabisa, niambie tu ninunue gani, mzee yuko mjini leo anapitia Kariakoo." Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na kila nikiulizwa namrudishia mtu swali ambalo najua linamuudhi kidogo. Mama, maji yenu mnatumia ya wapi? Akakaa kimya, halafu, "Ya kisima, sasa fundi maji yanahusiana nini na mashine kufa?"

Yanahusiana sana bana. Nikamwambia mwambie mzee asinunue kitu leo, nakuja.

Ilikuwa ya mlango wa mbele, kilo 8, ya miaka minne tu, na kwa nje bado inang'aa. Nikafungua mlango nikalishika dramu kwa ndani nikalitikisa juu chini, likacheza kama jino bovu. Nikalizungusha kwa mkono, linasaga kama mtu anaponda kokoto. Ukisikia hivyo wengi tunasema beringi, na beringi kweli zilikuwa zimeliwa, ila nilipolitoa dramu nje ndo nikaona ugonjwa wenyewe. Nyuma ya dramu kuna chuma cha miguu mitatu kama nyota, mafundi tunakiita spaida, ndicho kinachobeba dramu zima na nguo zako zote na maji yake, na mara nyingi kinatengenezwa kwa aluminiamu. Kile cha yule mama kilikuwa kimeota unga mweupe kama chumvi ya mawe, nikakigusa kwa bisibisi kikamomonyoka kama andazi la jana. Mguu mmoja ulishakatika, wa pili una ufa. Mama akaniangalia, akaangalia ule unga, akasema "haya, nimekuelewa".

Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, hilo watu wa Kigamboni, Mbezi Beach na kwingineko huku pwani hawahitaji kuambiwa, unaionja kwenye chai. Dramu lenyewe ni stenlesi halina shida sana, lakini aluminiamu ikikaa na stenlesi ndani ya maji ya chumvi ni aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ongeza mabaki ya sabuni yanayoganda huko nyuma ambako huwezi kuona wala kusafisha, ongeza na tabia ya kufunga mlango baada ya kufua ili mashine "isiingie vumbi", unyevu unabaki siku nzima, kazi kwisha. Sasa mzee angeenda Kariakoo akanunua ile ile iliyo kwenye ofa, baada ya miaka minne ningerudi nichokoe spaida nyingine kwa bisibisi ile ile.

Kwa hiyo kwa mtu wa maji ya chumvi ushauri wangu huwa hauvutii. Kama nyumbani kuna mtu wa kusimama pale na kuhamisha nguo, chukua ile semi otomatiki ya matundu mawili, upande mmoja inafua upande mwingine inakamua. Najua inaonekana ya kizamani na wateja wengine wananuna kabisa, ila ndani yake karibu kila kinachogusa maji ni plastiki, haina bodi ya umeme, ina taima ya kuzungusha kwa mkono, mota mbili na kapasita, na ikiharibika fundi yeyote wa mtaani anaiamsha. Kama huna mtu wa kusimamia na lazima otomatiki, sawa, nunua, lakini suuza ya mwisho jitahidi iwe ya maji yasiyo na chumvi (ya mvua, ya boza, ya dawasa yakitoka), mlango uache wazi, na mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa maji mazuri. Haitakuwa ya milele ila itakaa.

Halafu watu wanachanganya chumvi na chokaa. Chokaa haili chuma, inakigandia. Ni ule utando mweupe kwenye birika. Kwenye mashine unaganda kwenye hita mpaka hita inaungua, na dawa yake ni siki au ile asidi ya limau ya unga, unaendesha tupu kwa maji ya moto. Chumvi siki haikusaidii kitu, usipoteze siki yako.

Tuje kwenye presha, maana hapa ndo watu wengi wanarudisha mashine dukani wakidhani wameuziwa kimeo. Mashine za otomatiki zina valvu ya kuingiza maji inayofunguka kwa umeme, na valvu nyingi zinataka maji yaje na nguvu fulani, kwenye kitabu au kibandiko cha nyuma utaona imeandikwa kitu kama 0.05 MPa, hiyo ni nusu baa (baa ni kipimo cha presha). Sasa piga hesabu, maji ya tenki yanapata baa moja kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo nusu baa ni mita 5 kutoka usawa wa maji mpaka ilipo mashine. Simtank yako imekaa kwenye kistendi cha mita 2, tenki lenyewe mita moja na nusu, likiwa limejaa ndo una mita 3 na kidogo, likifika nusu huna kitu. Maji yanachuruzika, mashine inasubiri, inachoka, inakuandikia IE kama ni LG au 4C kama ni Samsung, wewe unasema mbovu. Sio mbovu, ina kiu. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha au kupandisha tenki. Zipo pia zilizotengenezwa kwa presha ndogo, ila hilo lisome kwenye kibandiko, usikubali mdomo wa muuzaji. Njia rahisi ya kupima ukiwa nyumbani, chukua ndoo ya lita 10 uiweke chini ya bomba utakalofungia mashine, fungua mpaka mwisho uhesabu muda. Ikipita dakika mbili haijajaa, tatizo lako lianze kutatuliwa kwenye bomba kabla hujaingia dukani.

Umeme. Huku kwetu ni volti 230 kwenye makaratasi, kwenye soketi ni mambo ya Mungu. Ukikatika sio shida, shida ni ule wa kurudi kwa kishindo. Mashine mpya nyingi zina mota ya inveta, haina kaboni (vile vipande vinavyosugua kupeleka umeme kwenye mota) wala kelele, inakula umeme kidogo, mimi nazipenda kwa kweli, lakini mota hiyo haizunguki bila bodi na bodi ndiyo inayokufa umeme ukiruka. Kile kibandiko cha "waranti miaka 10" kisome vizuri, mara nyingi ni ya mota peke yake, na mota ndo kitu ambacho hakifi. Bodi ina mwaka mmoja, ukibahatika miwili. Zile za zamani za mkanda na kaboni zinapiga kelele, kaboni zinaisha baada ya miaka, ila kubadilisha ni bei ya chipsi kuku na nusu saa.

Kwa hiyo weka gadi, kile kifaa cha kuchomeka kinachokata umeme ukiruka. Na hapa kuna kosa nalikuta kila mahali, mtu anachukua gadi ya friji ya ampea 5 anachomeka mashine yenye hita. Hita ya wati 2000 peke yake inavuta karibu ampea 9. Nimeshakuta gadi imeyeyuka imeshikana na plagi kama ubani. Chukua ya ampea 13 na kuendelea, na hakikisha soketi ina waya wa ethi kweli, sio tundu tu, maana mashine yenye maji na mkono wenye maji vikikutana bila ethi utapigwa shoti ambayo utaisimulia, kama ukibaki wa kusimulia.

Na kwa kuwa tuko kwenye umeme, hita huku Dar unaihitaji mara chache. Kuchemsha lita 15 kutoka joto la kawaida mpaka digrii 60 kunakula karibu nusu uniti mpaka uniti nzima hivi ukijumlisha na mengine, wakati kufua kwa maji baridi kunakula kidogo sana kuliko hapo. Uniti moja ya LUKU kwa asiye kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi ni shilingi 350 na ushee, piga kwa mara ngapi unafua. Mashuka ya mgonjwa au nepi sawa, chemsha. Jinzi na kanga za nini sasa.

Kilo ndo muuzaji atakuanzia nazo, na ni za mwisho kwangu. Kilo 7 ni nguo kavu, na kwenye programu ya pamba tu, programu ya nusu saa inabeba kama nusu yake au chini. Familia ya watu watano inayofua mara tatu kwa wiki, kilo 7 au 8 inatosha kabisa, ukitaka kufua mablanketi mazito ndo upande mpaka 10. Ukipakia, kiganja chako kiingie kimesimama juu ya nguo ndani ya dramu, kisipoingia punguza. Spidi ya kukamua nayo, 1400 inapendeza kwenye sanduku ila kwa jua letu 1000 inatosha na beringi zinapumzika, isipokuwa unakaa ghorofani huna kamba na masika inakukuta, hapo nakuelewa.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia: angalia kama pipa la nje limefungwa kwa skrubu au limechomelewa. Ndani ya mashine dramu linakaa kwenye pipa la plastiki, zamani vipande viwili vya hilo pipa vilifungwa kwa skrubu, unafungua unabadilisha beringi ya bei ndogo unafunga. Siku hizi mashine nyingi, hata za bei kubwa, zinachomelewa kiwandani, beringi ikifa unaambiwa ununue pipa zima, au fundi alikate kwa msumeno na kulirudishia kwa gundi na skrubu, nimefanya hiyo mara nyingi na sio zote zilikubali, nyingine zilivuja ndani ya wiki na hela ya mteja nikarudisha. Dukani mwombe kijana ailaze kidogo, mulika kwa tochi ya simu kwa chini, ukiona mstari wa kuungana una vichwa vya skrubu vimezunguka, umepata. Ukiona umelainika tu kama ndoo, imechomelewa, haimaanishi usinunue ila ujue unanunua nini.

Spea pia. Kabla hujalipa, piga simu kwa fundi wako au pita maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, uliza pampu ya kutolea maji na mpira wa mlango wa modeli hiyo. Wakikuangalia kama unauliza spea ya ndege, achana nayo hata kama ina waifai na inaongea. Mimi waifai kwenye mashine ya kufulia sijawahi kuona mteja anaitumia baada ya wiki ya pili.

Mtumba sina ugomvi nao, zile za Ulaya nyingi ni ngumu kuliko mpya za bei rahisi, tena ni volti 230 kama sisi. Zinazotoka Japani ndo uwe makini, kule ni volti 100, bila transfoma ukichomeka tu moshi. Ya mtumba usinunue bila kuiona ikikamua na maji ndani, itikise dramu kama nilivyosema, na pitisha kidole kwenye mikunjo ya mpira wa mlango chini, kikitoka na uchafu wa kutu jua maji yalishapita beringi.

Ukiwa umenunua ya mlango wa mbele, basi nakuomba, nyuma kuna boliti nne ndefu hivi za kushikilia dramu lisicheze kwenye meli. ZITOE. Nimewahi kuitwa Tabata mashine mpya "ina jini", imetembea kutoka ukutani mpaka mlangoni imeng'oa na bomba, bado ina boliti zote. Zitoe uzitunze kwenye mfuko, siku ukihama utazirudishia. Na sabuni iwe ile ya mashine isiyo na povu jingi, ya kufulia kwa mkono inajaza povu mpaka pampu inanyonya hewa.

Mama wa Kigamboni aliishia kuchukua ya matundu mawili, binti yake kanuna siku mbili kisha kazoea. Pipa bovu nikabeba mimi, mota ilikuwa nzima nikaitumia kwa mteja mwingine, lile dramu la stenlesi mama aligoma kabisa nisiondoke nalo. Nimepita pale Jumapili, wamelichomelea miguu, limejaa mkaa na mishikaki juu.