Je, wajua kwa nini mshindi wa kesi ya nembo hulilia zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza mwigaji asiendelee, kuliko fidia?

Tuseme mama mmoja wa Newala anabangua korosho, anazikaanga na kuzifunga kwenye pakiti za njano zenye jogoo mwekundu. Nembo hiyo ameisajili BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara. Pakiti zinauzika hadi Mnazi Mmoja, Lindi, njia ya mabasi ya Dar es Salaam. Mara anaibuka mwingine na pakiti za njano, ila yeye kaweka tetea mwekundu. Mama anafungua kesi Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara.

Fidia ataiomba, lakini nani atawahesabu waliotafuna korosho zilizolainika za tetea, wakaapa kutonunua tena za jogoo? Isitoshe, fidia hulipa ya jana, na kesho asubuhi pakiti za tetea zitakuwa barabarani tena. Ndiyo maana jaji huombwa zuio la kudumu.

Utetezi wa kwanza huwa uleule: "Mbona hazifanani?" Zikiwekwa mezani pamoja, kweli hazifanani. Ila mahakama humtazama mnunuzi wa kawaida, anayeikumbuka nembo nusunusu. Muuzaji anakimbia sambamba na basi, pakiti kaiinua mpaka dirishani. Abiria anatoa noti huku dereva keshaingiza gia. Nani atakagua kama kuku ana kilemba?

Kesi huchukua muda, kwa hiyo mama anaweza kutangulia kuomba zuio la muda. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, mwombaji hutakiwa kuonyesha mambo matatu: ana hoja nzito yenye dalili ya kushinda, ataumia kwa namna ambayo pesa haiwezi kufidia, na zuio likikataliwa ataumia kuliko mwenzake atakavyoumia likitolewa. La kudumu huja na hukumu. Anayelikaidi anaweza kufungwa kama mfungwa wa madai, yaani si wa jinai, au mali zake zikakamatwa.

Hata hivyo, mwenye tetea hajakatazwa kubangua korosho, wala kuandika kwamba zimetoka Mtwara. Mkoa ni wa wote. Abadili rangi na picha, auze. Mama naye asibweteke: usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na akitaka kupeleka jogoo wake Unguja, cheti cha BRELA hakivuki bahari. Huko atasajili upya BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar.