Moa Martinson, mwandishi aliyeanza na maji ya kuoga

Riwaya ya kwanza ya Moa Martinson, Kvinnor och äppelträd (yaani Wanawake na Mitufaha), inafunguka kwa wanawake wawili wa shambani, watu wazima waliokwisha kuzaa mpaka wakachoka. Kila wiki wanachemsha maji, wanavua nguo na kuoga pamoja. Kijiji kizima kinanong'ona: wake za watu, na umri ule, wanaogea nini? Ninapofundisha fasihi ya wafanyakazi wa Uswidi huanzia hapo. Mwaka huohuo wa 1933 Ivar Lo-Johansson alitoa riwaya yake kuhusu vibarua wa mashamba makubwa, nami naipenda. Lakini mwili wa mama maskini, uchungu wake, damu yake na raha yake ndogo ya maji ya moto, nimeusoma kwa Moa.

Alikuwa akiandika aliyoyaona. Alizaliwa mwaka 1890 huko Vårdnäs, jimbo la Östergötland, akaitwa Helga Maria Swarts. Swarts ni jina la mama, kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa. Mama alikuwa mtumishi wa nyumbani na kibarua katika viwanda vya nguo vya Norrköping. Baba wa kambo alikunywa, kazi hazikudumu, na familia ikawa ya kufunga virago kila mara. Yote hayo yamo katika Mor gifter sig (Mama Anaolewa) ya mwaka 1936, yakisimuliwa na Mia, binti mdogo anayejua deni la dukani kama anavyojua jina lake. Mama anajifungua, vichanga vinakufa, na Mia yupo, anatazama.

Utu uzima haukumhurumia. Aliishi na mume wake wa kwanza, fundi wa mawe, katika kibanda cha Johannesdal, kusini mwa Stockholm, wakapata wana watano. Mwaka 1925 wawili wadogo walizama ziwani barafu ilipovunjika. Miaka mitatu baadaye mume akajiua. Katikati ya msiba huo alikuwa ameshaanza kuandika katika magazeti ya wafanyakazi.

Mwaka 1929 aliolewa na Harry Martinson, baharia wa zamani na mshairi, mdogo kwake kwa miaka kama 14. Waliachana miaka ya vita. Harry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, Moa akiwa amefariki miaka kumi kabla, na hadi leo wapo wanaomtambulisha kama mke wa Harry tu. Linaniuma hilo. Wahakiki wa zama zake walisema pia kwamba hadithi zake hazina mpangilio. Mimi naona zinakwenda kama wanawake wanavyosimulia wakiwa jikoni: jambo linaachwa, mtoto analia, jambo linarudiwa likiwa zito zaidi.

Riwaya hizi mbili zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Anza na ile ya Mia.